Kumhamisha pleko kutoka Iringa hadi Mbeya mwezi wa Julai

Mama mwenye samaki alikuwa anahama Iringa, na pleko, samaki wa tangi anayegandia vioo kwa mdomo, hakuwa kwenye hesabu ya mizigo. Watoto wake walimnunua akiwa mdogo kama kidole, wakaambiwa atakula ukoga wa kijani kwenye vioo. Siku niliyoitwa nilibandika rula kwenye kioo: sentimita 38, ndani ya tangi la urefu wa mita moja na upana wa sentimita 40. Akitaka kugeuka ilibidi ajikunje.

"Baba, si tukamwachie tu pale Ruaha?" aliniuliza. "Kambale huyu, atajitafutia."

Kwa ukoo ni kambale kweli, ila wa Amerika ya Kusini. Pezi la mgongoni lilikuwa na mihimili zaidi ya kumi, ambayo ndiyo alama ya jenasi ya Pterygoplichthys. Wenzao wa Hypostomus huwa na saba au nane. Kundi hili hufika sentimita 40 hadi 50. Nilimweleza mama kwamba Ruaha Mdogo unaingia Ruaha Mkuu, na Ruaha Mkuu unaingia bwawa la Mtera, ambako watu wanaishi kwa nyavu. Huko Meksiko, kwenye bwawa la Infiernillo, samaki wa aina hii walizaliana mpaka wavuvi wa perege wakawa wanavuta nyavu zilizojaa magamba yasiyouzika, zimechanika kwa miiba. Kingo za mito nazo wanazitoboa mashimo ya kutagia, udongo unaporomoka. Mama akasikiliza, akasema, "Basi mchukue, ila asife njiani."

Kule Mbeya tangi lilikuwa limeshasimama: sentimita 180 kwa 60 kwa 60, yaani lita 648 likijaa, kioo cha milimita 12, juu ya fremu ya chuma iliyochomelewa. Silikoni niliichagua ile inayonuka siki na isiyo na dawa ya kuzuia ukungu, kwa sababu ile ya bafuni ina sumu inayoua samaki polepole na utahangaika kutafuta ugonjwa usiokuwepo. Shida kubwa ya nyanda za juu ni baridi. Chumba kinashuka hadi nyuzi 14 usiku wa Julai, na pleko anataka 24 hadi 28. Niliweka heta mbili za wati 300, si moja ya 600: moja ikifa nyingine inashikilia, na moja ikiganda ikiwaka, peke yake haiwezi kumpika samaki. Zote zilikaa kwenye tangi la chini la kuchujia. Pleko hupenda kulala juu ya heta, akaungua tumbo; au akaipiga mkia ikapasuka. Zikiwaka jumla ya saa nane kwa siku ni yuniti 4.8, na mwenye nyumba lazima alijue hilo kabla ya kununua samaki.

Siku mbili kabla ya safari mama alisimamisha chakula. Samaki aliyeshiba atachafua maji ya safari, na amonia anayoitoa, nyingi kupitia matamvua, ndiyo itakayomuua, hata kabla hewa haijapungua.

Kumtoa ndiko kulikochukua muda. Wavu haufai kabisa: miiba ya mapezi ya kifuani inanasa, na kila ukivuta inazidi kusimama. Nilianza kwa kunyonya maji kwa mpira hadi yakabaki sentimita 15 hivi, nikajaza madumu mawili ya lita 20 kwa ajili ya njiani. Samaki akajibana kwenye uwazi wa gogo, akasimamisha pezi la mgongo na miiba ya pembeni kama kabari. Ukimvuta hapo unavunja pezi au unamchubua. Tulinyanyua gogo zima likiwa naye, tukaliweka ndani ya beseni lenye maji kidogo, tukalifunika kwa khanga iliyolowa na kuondoka chumbani. Tuliporudi alikuwa ameshatoka, amegandia ubavu wa beseni kwa mdomo. Hapo tena havutwi kwa mkia; unapitisha ncha ya kadi ya plastiki chini ya mdomo, hewa inaingia, anaachia mwenyewe. Nilimshika kwa taulo lililolowa, kiganja kimoja chini ya kifua na kingine kwenye shina la mkia, vidole mbali na miiba ya pembeni, kwa sababu akiikunja inabana kidole dhidi ya ubavu wake na inauma haswa.

Alisafiri kwenye deli la lita 100 lenye maji lita 45. Mfuko wa plastiki angeutoboa kabla ya Ifunda. Maji hayakujazwa juu kwa makusudi: pleko maji yakiwa na hewa pungufu hupanda kumeza hewa, na tumbo lake linaichukua oksijeni moja kwa moja, kwa hiyo anahitaji kufika juu bila kazi na kukuta nafasi chini ya mfuniko. Pampu ya hewa ya betri iliingiza mpira wake kwenye tundu la mfuniko. Sponji na pete za kauri za chujio la zamani, ambamo wanaishi bakteria wanaoondoa amonia majini, zilikaa kwenye beseni, zimelowa tu, zimefunikwa kwa kitambaa. Ukizizamisha kwenye chombo kilichofungwa bakteria wanamaliza oksijeni na kuoza. Kwangu mimi mzigo huo ulikuwa na thamani sawa na samaki. Tangi jipya lisilo na bakteria halimwezi pleko wa ukubwa ule hata kwa wiki moja.

Tulikodi Noah. Buti ya basi ina baridi na hakuna anayeangalia. Mafinga upepo ulikuwa wa kukata, Makambako nikafungua: maji yalikuwa yametoka nyuzi 26 hadi 24, juu kuna povu jepesi. Nilinyonya kinyesi cha chini, nikatoa theluthi moja na kuongeza ya kwenye dumu, ambalo lilikuwa limefungwa blanketi. Kuanzia Igawa hadi Chimala joto la Usangu lilitusaidia, kisha tukapanda Uyole na baridi ikarudi. Tulifika maji yakiwa nyuzi 23.

Tangi lilikuwa kwenye 25. Nilimwongezea maji ya tangi kidogo kidogo kwa nusu saa, nikamtoa kwa taulo, maji ya deli yakaenda bustanini. Pete za kauri zikaingia kwenye chujio kabla hata samaki hajaingia tangini. Taa haikuwashwa.

Usiku huo umeme ukakatika. Pande tatu za tangi zilikuwa na stairofomu, nikaongeza mablanketi mbele na juu, nikaacha upenyo wa hewa. Jiwe la pampu ya betri nililipeleka kwenye pete za kauri, samaki angejikimu kwa kumeza hewa. Hapa Mbeya, mita 1,700 hivi, maji yanabeba oksijeni pungufu kwa karibu asilimia 18 kuliko Dar es Salaam kwenye joto lilelile, kwa hiyo mtiririko ukisimama bakteria hawana akiba. Inveta yenye betri ya Ah 100 ingeendesha pampu ya wati 30 usiku kucha bila kuimaliza nusu. Heta mbili zingeimaliza ndani ya saa mbili. Ndiyo sababu joto nalilinda kwa blanketi na betri naiachia pampu. Alfajiri kipima joto kilisoma 23.5.

Wiki ile nilipima amonia kila jioni. Ilipogusa miligramu 0.25 kwa lita nilibadilisha theluthi ya maji, yaliyolazwa kwenye pipa na kupigwa hewa saa 24 klorini iondoke, na kupashwa hadi nyuzi 25. Chakula kilianza kwa kipande kimoja cha boga lililochemshwa kidogo, kimefungwa kwenye jiwe kisielee, kinaingia taa zikizimwa na masalia yanatoka asubuhi. Dagaa walisubiri mpaka amonia iliposoma sifuri na kubaki hapo.