Harufu ya karabai

Juzi umeme ulikatika, mama watoto akawasha taa ya mafuta, ile harufu ilivyopanda tu nikajikuta Kibirizi, Julai 2012, niko na babu.

Mnakumbuka enzi hizo nilivyokuwa na teknikala yangu, ile nadharia ya fizikia ya chembe niliyokuwa naisomea. Nipo Kigoma likizo, tarehe 4 saa nne asubuhi ya huku CERN, ile maabara ya fizikia ya Ulaya, wakatangaza wamepata chembe inayofanana na Higgs, ile inayohusishwa na chembe nyingine kupata uzito. Uzito wake kama GeV 125, yaani mara 133 hivi ya protoni. Niliumia sana. Sisi wa teknikala tuliamini Higgs imeungwa na vichembe vidogo zaidi vilivyoshikwa na kani mpya, na kitu cha hivyo kilitegemewa kiwe kizito mno, sasa hii nyepesi. Mwalimu wangu akatuma meseji, nadharia yetu imekwisha.

Usiku nikashuka ziwani. Mwezi ulijaa jana yake tu, kwa hiyo wavuvi hawakuingia, maana kwenye mbalamwezi dagaa hawafuati taa. Mitumbwi imelala mchangani, babu kakaa ukingoni mwa wake anasafisha karabai, mikono inanuka mafuta ya taa. Shikamoo, marahaba, mjukuu wangu una nini.

Nikamweleza yote. Kwamba kani inayoshika kwaki, vile vichembe vinavyounda protoni, ukiwa karibu inalegea, ukienda mbali inakaza, waligundua hivyo 1973, lakini ukiongeza aina za kwaki mabadiliko yanapoa, zikizidi 16 hiyo tabia inapotea kabisa, na kabla ya kufika huko kuna mahali kani inatembea badala ya kukimbia, karibu haibadiliki. Nikamwonyesha ziwa, nikasema babu chukulia mawimbi ambayo uyatazame toka kule kilimani au ukiwa mtumbwini, ni yaleyale.

Akanyamaza. Akafuta kioo cha taa, akakigeuza kwenye mwezi, akafuta tena.

"Lakini mjukuu wangu, ya karibu yanalowesha."

Nilisisimka mwili, maana ndiyo yenyewe! Karibu sawa, siyo sawa kabisa, na kwenye huo upungufu mdogo ndipo chembe nyepesi inaweza kuzaliwa.

"Na hicho walichopata," akauliza, "ni kitu kimoja au kimeungwa?"

Miaka ikapita, hesabu za kompyuta kubwa kwenye nadharia yenye aina 8 za kwaki zikaonyesha chembe nyepesi kweli, ingawa hiyo haisemi kwamba ndiyo Higgs yetu. Nilisoma usiku, nikashika simu nimpigie babu. Alikuwa ameshatutoka.

Swali lake halijajibiwa mpaka leo.

Juzi binti yangu akaniuliza, baba mbona unanusa taa? Nikamsogeza karibu, nikaanzia kwenye mawimbi.