Folkestone, mji ulioachwa na meli

Nilishuka Folkestone, kusini-mashariki mwa Uingereza, asubuhi yenye upepo mkali, nikitaka kuona kama ni kweli sanaa inaweza kuuinua mji wa pwani uliokosa kazi. Kwa miaka mingi wenyeji walitegemea watalii wa kiangazi na meli za abiria zilizovuka kwenda Ufaransa. Kisha Waingereza wakazoea kupanda ndege kufuata jua la Hispania, reli ipitayo chini ya bahari ikafunguliwa mwaka 1994, na kufikia mwaka 2000 safari za meli zikakoma. Bandari ikaachiwa shakwe.

Tajiri mmoja wa hapo, Roger De Haan, ambaye familia yake ilianzisha Saga, kampuni inayohudumia watu wa umri wa miaka hamsini na zaidi, alifadhili shirika la hisani lililokarabati nyumba chakavu za mji wa kale na kuzipangisha kwa wasanii. Mwaka 2008 yakaanza maonyesho yanayorudi takriban kila baada ya miaka mitatu, na kazi nyingi hubaki mitaani baada ya wageni kuondoka.

Zilizonigusa zaidi ni zile ambazo mtu anaweza kuzipita bila kuziona. Tracey Emin, aliyekulia Margate, mji jirani wa pwani uliopatwa na masaibu kama hayo, alitengeneza kwa shaba nyeusi (bronzi) vitu vya watoto wachanga, kiatu, glavu, kisweta, akaviacha huku na huko kana kwamba vimedondoka kwenye kigari cha mtoto. Niliinama kuokota kimojawapo kabla sijatambua, na vidole vyangu vikakutana na shaba baridi. Juu ya genge linalotazama bahari, Mark Wallinger alipanga mawe ya ufukweni 19,240, kila moja likiwa na namba yake, idadi ya askari wa Uingereza waliouawa siku ya kwanza ya mapigano ya Somme, Ufaransa, katika Vita vya Kwanza vya Dunia, 1 Julai 1916; wengi wa waliokwenda kupigana Ufaransa walipandia meli bandarini hapo. Nilijaribu kufuata namba mstari kwa mstari, nikashindwa kuendelea.

Naamini sanaa hii imeurudishia mji heshima yake, lakini siwezi kunyamazia suala la kodi ya nyumba, kwani mahali panapopendeza huwavuta wenye fedha, na mpangaji wa siku zote ndiye hubanwa kwanza. Wasanii wenyewe hawakulikwepa: mwaka 2017 Richard Woods aliweka vijumba sita vya rangi kali mahali pasipotarajiwa, kimoja kikielea majini bandarini, akiuliza ni nani hasa anayejengewa nyumba wakati wengine wana nyumba ya pili ya mapumziko.

Mwaka huohuo Lubaina Himid, mzaliwa wa Zanzibar, alijenga banda ufukweni, palipokuwa na uwanja wa michezo ya kujifurahisha, kwa umbo la kalibu ya kugandishia jeli, kitindamlo laini cha sukari. Peremende na jeli ndiyo raha ya pwani ya Uingereza, na sukari yake, anakumbusha Himid, ilitoka kwenye mashamba yaliyolimwa na Waafrika waliotiwa utumwani. Nilisimama hapo muda mrefu kuliko mahali pengine popote, nikiwaza karafuu za Unguja na mikono iliyozichuma, huku mtoto mmoja akiizunguka nguzo mbio na aiskrimu mkononi.