Pipi za mnanaa kwenye koti la baba

Mwaka 2019 nilimkosea baba, na mpaka leo nikikumbuka kifua kinabana. Mzee alivuta sigara zaidi ya miaka 30, akaja akaacha kabisa 2012, lakini pumzi ikawa inazidi kukata tu, kutoka kitandani mpaka chooni anasimama mara mbili, kashika ukuta, midomo kaikunja kama mtu anapoza chai. Mi nikajiambia haiwezekani, huyu anavuta kwa kujificha. Basi usiku mmoja amelala nikapekua koti lake, nikakuta pipi za mnanaa kibao, nikaona ndo hizo za kuulia harufu, nikamwamsha palepale nikamgombeza kama mtoto. Akaniangalia tu, akasema "mwanangu, sijagusa."

Kesho yake nikampigia dada, mtoto wa mama mkubwa, yeye yuko maabara, nikamsimulia nikijua ataniunga mkono. Akanyamaza kwanza. Halafu akasema kaka, umemuonea ba'mdogo. Akanieleza vitu sijawahi kusikia, kwamba seli zetu zinatoa vifuko vidogo mno, eksosomu, yani unapanga mamia kwa mamia ndo ufikie upana wa unywele, na seli zinavitumia kupelekeana mizigo. Sasa mwaka huohuo watafiti wa Chuo Kikuu cha Alabama kule Birmingham, Marekani, walikuwa wametoa kazi yao kuhusu wenye ugonjwa kama wa baba, COPD, ule ugonjwa sugu wa mapafu unaobana pumzi: zile chembe nyeupe za damu, neutrofili, zikishaamshwa zinatoa vifuko vilivyobandikwa elastesi kwa nje, kimeng'enya kinachokula nyuzi zinazofanya pafu livutike na kurudi. Mwili una kinga ya kukizima, inatengenezwa kwenye ini, ila kikishakaa juu ya kifuko ile kinga haikipati. Wakachukua vifuko kutoka mapafu ya wagonjwa wakawawekea panya, panya ambao hawakuvutishwa moshi wowote, na mapafu ya panya yakaharibika. Kuacha sigara kunasaidia sana, akasisitiza hilo, kunapunguza kasi, lakini moto wa ndani unaweza kuendelea kuwaka miaka, na kilicholiwa hakirudi.

Jioni nikaenda kukaa chini karibu na miguu ya baba, nikamweleza yote, nikamuomba radhi. Akanisikiliza mpaka mwisho, akapuliza pumzi taratibu, akauliza, "Kwa hiyo mimi hukuniamini, umeamini panya?"