Pima kasha, usipime saa

Bukavu ni mji wa watu wanaojua dhahabu. Mnunuzi aliyezoea mzigo wa migodi ya Kamituga au Misisi huweka kitu mizanini, hutazama rangi, hutaja bei. Saa ya mkono ya zamani ya dhahabu humvuruga mtu huyo, kwa sababu gramu nyingi anazoziona si dhahabu. Saa nzima, pamoja na mkanda, inaweza kusoma gramu 35, na dhahabu yake, iliyo kwenye kasha, yaani mwili wa saa unaobeba mashine, ikawa gramu 9 au 10 tu. Iliyobaki ni mashine ya shaba na chuma, kioo, uso na ngozi.

Kwa hiyo swali la kwanza kwa muuzaji ni kama atakubali saa ifunguliwe. Ifunguliwe mbele yake, kwa fundi wa saa ambaye nyote wawili mnamwamini, siyo kwa ncha ya kisu pembeni ya barabara. Mfuniko wa nyuma ukipinda hauzibi tena vizuri, na unyevu wa Kivu hauhitaji nafasi kubwa kuingia. Muuzaji akikataa kufungua, lipa bei ya saa ya mpako wa dhahabu tu, au iache.

Ndani ya mfuniko ndiko iliko mihuri. Namba 750 au 18K, yaani karati 18, ni dhahabu sehemu 750 kwa 1000. 585 ni karati 14. 375 ni karati 9. Namba peke yake hupigwa na yeyote mwenye nyundo, kwa hiyo tafuta na alama ya serikali. Kwa saa za Uswisi za kabla ya 1995, kichwa cha mwanamke, Helvetia, ni karati 18, na kindi ni karati 14. Tangu 1995 alama ni kichwa cha mbwa. Kasha lililotengenezwa Ufaransa kwa karati 18 lina kichwa cha tai, na lililoingizwa huko kutoka nje huwa na bundi. Alama hizi ni ndogo sana. Bila lenzi inayokuza mara 10 utaona vidoa tu.

Maneno mengine husema wazi kwamba kasha si dhahabu, na watu huyapita kwa sababu wameliona neno “or”, dhahabu kwa Kifaransa, wakatosheka. “Plaqué or 20 microns” ni mpako wa unene wa milimita 0.02. “14K Gold Filled”, au dhamana ya miaka 20 au 25, ni karatasi ya dhahabu iliyobanwa juu ya metali nyingine: miaka hiyo ilikuwa muda ambao dhahabu ya juu ilitarajiwa kudumu kabla haijachakaa. “Fond acier inoxydable” maana yake mfuniko ni chuma cha pua, na kasha lenye mfuniko huo mara nyingi ni la mpako. Tazama masikio ya kasha, pale mkanda unaposhika: mpako hufa kwanza kwenye ncha zake, na shaba ya manjano hujitokeza ikiwa na wekundu au ukijani.

Mhuri ukikuacha na shaka, maji yatakujibu, na hayaharibu kitu. Fundi atoe mashine, kioo, kitufe cha pembeni na vile vijiti vya springi vinavyoshika mkanda. Unahitaji mizani inayosoma gramu 0.01. Pima kasha tupu likiwa kavu. Tuseme ni gramu 10.20. Weka kikombe cha maji juu ya mizani, rudisha kwenye sifuri, kisha lining'inize kasha kwa uzi mwembamba hadi lizame lote bila kugusa chini wala ubavuni. Mizani sasa itaonyesha uzito wa maji yaliyosukumwa. Gawa uzito mkavu kwa namba hiyo. Ikisoma 0.66, jibu ni 15.5 hivi: karati 18. Ikisoma 0.78, jibu ni 13: karati 14. Ikisoma 1.20, jibu ni 8.5, na hapo umeshika shaba. Kosa la kawaida ni povu la hewa kung'ang'ania ndani ya mfuniko. Litikise kasha ndani ya maji, na tone la sabuni husaidia. Jibu la kati, kama 11, laweza kuwa karati 9; lakini kama mhuri unasema karati 18 au 14, shuku kasha la tabaka: dhahabu juu, metali nyingine ndani. Saa zilizoandikwa “Chronographe Suisse” za baada ya Vita vya Pili vya Dunia ni maarufu kwa hilo: zina mhuri wa karati 18 wa kweli, lakini ganda la dhahabu ni jembamba kama kopo na masikio yana uwazi ndani.

Kutovutwa na sumaku hakuthibitishi chochote, kwani hata shaba haivutwi nayo, na ukiisogeza karibu na mashine utaitia sumaku springi nyembamba. Asidi nayo ina tatizo: tone juu ya mpako mnene linajibu “dhahabu”. Ikibidi itumike, sugua ukingo wa ndani wa mfuniko kwenye jiwe, na asidi iguse jiwe, siyo saa. Usikubali tupa kabisa. Alama moja ya tupa kwenye sikio la kasha la 1950 haifutiki bila kuondoa dhahabu.

Hesabu ya sakafu, yaani bei ya chini kabisa, ni rahisi: uzito wa kasha tupu, mara 0.750 kwa karati 18, mara bei ya gramu ya dhahabu safi siku hiyo. Kinachopandisha bei juu ya sakafu hiyo ni umbo la kasha na uso wake, na hapa ndipo watu wengi wanapoteza pesa. Kasha lililong'arishwa mara nyingi hung'aa sana na huuzwa kwa majivuno, ilhali kingo zake zimeyeyuka kama sabuni iliyotumika. Ukiona mhuri wa nje umebaki kivuli, dhahabu imeondoka. Maandishi ya zawadi mgongoni hupunguza wateja, lakini yakiwa bado makali ni ushahidi mzuri kwamba mashine ya kung'arishia haijapita hapo.

Kwenye uso, madoa ya uzee ni heri kuliko rangi mpya. Uso uliopakwa upya una herufi nene zenye kingo zilizovuja, vistari vya dakika visivyolingana na alama za saa, na “Swiss” ya chini iliyokatwa au kusahauliwa. Kipenyo nacho huongea: saa nyingi za mavazi rasmi za miaka ya 1940 hadi 1960 ni milimita 32 hadi 35.

Mashine ya kutia ufunguo kwa mkono, ikiwa imesimama, itiwe taratibu. Ikiteleza bila kukaza, springi kuu imekatika au kizuizi chake kimeisha. Ikijaa, iache saa ikiwa imelazwa chali: nyingi zinapaswa kutembea saa 36 au zaidi. Kwenye kipimo cha fundi, mbembeo wa gurudumu la mizani, lile linaloyumba huku na huko kuongoza mwendo wa saa, uwe nyuzi 270 hadi 300 saa ikiwa imelazwa; chini ya 220 mafuta yamekauka au kuna kitu kinakwamisha. Ikikimbilia mbele dakika kadhaa kwa saa moja, shuku sumaku kabla ya ubovu: isogeze karibu na dira ndogo uone kama sindano inatikisika. Mishale ikibaki nyuma huku mashine ikipiga vizuri, kibomba kinachobeba mshale wa dakika kimelegea. Hiyo ni kazi ndogo. Kutu kwenye shina la kitufe si kazi ndogo, maana kwa kawaida haikuishia hapo.

Bizimu ya mkanda itazamwe peke yake. Ya dhahabu ina mhuri wake mgongoni na inaweza kuongeza gramu 2 au 3. Isiyo na mhuri ihesabu kuwa ya mpako, hata kama kasha ni karati 18.