Mkwe, choo na mnyororo wa Mississippi

Mwaka mmoja mama alikuja kututembelea Louisville, huku Kentucky Marekani, akitokea Bagamoyo, na haukupita muda akaanza kusema kachoka kuangalia kuta. Dada yangu na mumewe ndo wakaja na wazo la kukodi RV, lile gari la nyumba lenye vitanda, jiko na choo humohumo, twende mpaka mwisho kabisa wa Kentucky upande wa magharibi tukalale kando ya mto Mississippi, kwenye hifadhi ya jimbo inaitwa Columbus-Belmont. Shemeji ni dereva wa malori makubwa kwahiyo kwake RV ni kama bajaji tu, akili yake yote ilikuwa kwenye bei na umeme na wapi atakata kona. Kitu ambacho hakuna aliyekifikiria ni kwamba anaenda kumlaza mama mkwe wake hatua chache kutoka kitandani kwake, na katikati yao kuna choo chenye mlango mwepesi kama wa kabati.

Mama ndo aliyeliona kwanza. Siku tunapokea gari alipanda, akachungulia mbele, akachungulia nyuma, akafungua kale kamlango, akakafunga taratibu, akaniuliza kwa sauti ya chini, "Na mkwe wangu analala wapi?" Nikamwonyesha. Akasema haya, sawa. Ukikulia kwenye nyumba za pwani unajua hiyo sawa maana yake nini.

Safari yenyewe sina la kusimulia, ni barabara kuu mpaka Paducah, halafu mashamba ya soya mpaka uchoke. Ila ukifika pale unaelewa kwanini watu wanakuja. Kambi iko juu ya kilima kinachokatika ghafla, na chini yake ndo Mississippi, pana, rangi ya chai ya maziwa, ng'ambo ni jimbo la Missouri. Ilikuwa Juni, joto la unyevu kama Dar vile, na pale kambini karibu wote ni wazee wastaafu wenye mabasi ya hela nyingi, na burudani yao kubwa ni kukaa kwenye viti vya kukunja wakiangalia mgeni anavyohangaika kurudi rivasi. Shemeji aliwanyima uhondo, aliingiza mara moja tu, akaweka vipande vya mbao chini ya tairi gari likae sawa, akachomeka umeme, akaunganisha mpira wa maji, kiyoyozi kikaanza kunguruma. Mzee wa jirani akanyoosha dole gumba. Dada akakaanga kambare nje kwenye jiko la mkaa, mama akapika wali wa nazi ya kopo huku anailaumu nazi ya kopo, tukala mpaka mbu walipotufukuza.

Usiku wa manane nikashtuka nimeguswa bega. Mama kajifunga kanga moja kiunoni, nyingine kajitanda, tochi mkononi. "Nipeleke." Kulikuwa na jengo la vyoo na bafu la kambi, mwendo wa kutembea, sasa mimi nikataka kumwambia mama si choo kiko hapahapa, nikamwangalia usoni nikavaa ndala.

Njiani ndo tukaiona. Taa moja kali inafagia mto kutoka kushoto kwenda kulia, inapiga ukingo, inarudi, halafu mngurumo ambao unausikia kifuani kabla ya masikioni. Ilikuwa boti inasukuma matishari, na nasema inasukuma, maana huko boti inakaa nyuma na mzigo uko mbele, matishari yamefungwa pamoja na waya za chuma yakawa kitu kimoja kama uwanja wa mpira unaoelea. Pale ni chini ya Cairo, mji wa Illinois si ule wa Misri, ambako mto Ohio unaingia Mississippi, maji ni mengi kwahiyo boti moja inaweza kusukuma zaidi ya matishari thelathini, na tishari moja tu linabeba kama tani 1,500 za mahindi au makaa. Mama akasimama kabisa, haja kaisahau. Mtu aliyezoea majahazi. Akauliza, "Na likitaka kusimama linasimamaje?" Nikamwambia halisimami kirahisi, inabidi waanze kulipunguza mwendo mbali sana. Akaguna.

Tunafika mlangoni pa vyoo, anatoka nani? Shemeji. Taulo shingoni, mswaki mkononi saa tisa usiku. Yani wote wawili waliganda. "Shikamoo mama." "Marahaba baba." Mmoja anaangalia taa, mwingine anaangalia simenti. Akasema alikuja kucheki kama maji ya moto yapo. Mama akamwambia vizuri sana baba, akapita. Sijawahi kubana kicheko vile maishani mwangu.

Asubuhi tukazunguka hifadhi. Kuna mahandaki ya udongo ya vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, majani yameota lakini umbo bado linaonekana, unatembea juu ya ukingo wake. Halafu kuna nanga. Nanga ya tani kadhaa, ndefu kuliko mtu, na kipande cha mnyororo ambao pingili moja ina kama kilo tisa. Mama alipouona ule mnyororo akatulia, akaweka kiganja juu yake, akauliza, "Walifungwa wangapi hapa?" Bagamoyo mnyororo una maana moja tu, njia ya misafara iliishia pale na kila mtoto anakua anasikia. Nikamwambia hapana mama, huu ulikuwa wa kufunga mto. Mwaka 1861 jeshi la Kusini, yale majimbo yaliyojitenga, chini ya jenerali Leonidas Polk liliteka hiki kilima, wakapanga mizinga, wakavuta mnyororo wa zaidi ya maili moja mpaka Belmont ng'ambo, ili meli za kivita za Kaskazini, yani upande wa serikali, zisishuke. Nikamwambia pia huyo Polk alikuwa askofu. "Askofu wa kanisa?" Wa kanisa mama. Akaitazama ile nanga upya.

Na haukusaidia kitu. Novemba mwaka uleule jenerali Grant wa Kaskazini alikuja akapigana ng'ambo pale Belmont akarudi, kisha Februari 1862 Kaskazini wakateka ngome za Henry na Donelson kwenye mito mingine kabisa, huku wale wa Kusini waliokuwa Columbus, kwenye kilima hiki, wakabaki wamezungukwa kwa nyuma, ikabidi mwezi Machi waondoke wenyewe. Mnyororo wote ule bure.

Mama hakujali sana habari za majenerali. Alikuwa ameshageukia mahandaki. "Haya mashimo nani alichimba?" Kibao kilisema habari za wanajeshi. Nikamwambia wanajeshi walichimba, lakini Kusini walikuwa na tabia ya kuchukua watumwa wa watu kwenye mashamba wakawachimbie ngome. "Ndo nilichokuuliza pale mwanzo," akasema. Sikuwa na jibu, kwasababu kweli ndo alichoniuliza. Baadaye nilisoma kwamba Kaskazini waliposhika mahali pale, watumwa waliotoroka walikuwa wanakimbilia hapo, na mwaka 1863 kikosi cha mizinga cha wanajeshi weusi kiliundwa hapohapo Columbus, na hii ni Kentucky ambako tangazo la rais Lincoln la kuwaacha huru watumwa halikufika kwasababu jimbo halikujitenga, utumwa ukaendelea kisheria mpaka Desemba 1865. Nilimsomea mama kwa simu ameshafika nyumbani, akaniambia nimsomee tena hicho kipande cha mizinga.

Jumapili wakati wa kuondoka shemeji alivaa glavu za mpira mpaka kwenye kiwiko, akapeleka gari kwenye shimo la kumwagia maji machafu, mama akaenda kusimama mbali chini ya mti amegeuka kabisa. Tenki la maji ya vyombo lilikuwa limejaa. Tenki la choo likatoa maji masafi tu na ile dawa ya bluu. Dada akatuangalia mmoja mmoja. Na yeye kumbe alikuwa anakwenda kulekule.

Tuliporudisha gari tukakuta kwenye bili kuna hela ya kusafisha tenki la choo. Dada alitaka kugoma pale kaunta, kanionyesha kidole nimsaidie. Shemeji akatoa kadi akalipa kimyakimya, maana angebisha ingebidi aeleze, na mama alikuwa amekaa palepale kwenye benchi.