Ukuta wa kaka, Paje

Mwaka 2004 nlikuwa nyumbani Dodoma nimemaliza form foo nasubiri matokeo, mama akanambia nenda Zanzibar ukamwone kaka yako, mwaka wa pili huu hajarudi. Kaka alikuwa fundi ujenzi, kama vijana wengi wa bara waliovuka kipindi kile maana hoteli zilikuwa zinaota pwani ya mashariki ya Unguja kama uyoga. Mama akanifungia mlenda mkavu na karanga, nikapanda basi, boti, afu chai maharage pale Darajani, nafika Paje giza limeshaingia, bahari naisikia tu inavuma nyuma ya minazi.

Asubuhi natoka nje mbio, bahari haipo! Jamani nlishtuka. Sisi kwetu Ugogo bwawa likikauka ndo limekauka, unasubiri mvua. Bibi mwenye nyumba aliyompangisha kaka chumba akaniona nimesimama pale nimeduwaa.

"Leo bamvua mwanangu, maji yamekupwa mbali, mchana yatarudi."

Akanipa kanga nijifunge, tukashuka nae. Kule mbali mchanga mweupe wote wanawake wameinama, vijiti vimepangwa mistari na mistari, kamba zimevutwa kati yake na kila baada ya kipande kidogo kumefungwa mwani kwa tai-tai, vile vikamba vidogo, yaani shamba kabisa, kama mistari ya uwele ya mama ila maji yanafika kwenye vifundo vya miguu. Bibi alikuwa anafunga haraka hata haangalii vidole, vimechubuka na chumvi. Akanambia mwani umeanza kulimwa hapo mwaka 1989, na kabla ya hapo ufukwe ulikuwa wa minazi na ngalawa tu, hata muhogo hauoti vizuri, nani atautaka. Bei ya karafuu ikaanguka miaka ya themanini, serikali ikatafuta pesa kwengine, ikapitishwa sheria ya uwekezaji 1986, basi ule mchanga usiotakiwa ukaanza kupimwa viwanja vya hoteli. Leo hii hapo Paje kumejaa watu wa kaiti, wale wanaoteleza juu ya maji wakivutwa na tiara, wanafuata upepo wa kaskazi na kusi, na Zanzibar nzima mwaka 2024 ilipokea wageni zaidi ya laki saba. Sipingi, pesa ya kaka ndo iliyonipeleka chuo. Ila njia ya kushukia baharini ni ya watu wa kijiji na ingeachwa, hilo nalisema mpaka kesho.

Maji yakaanza kurudi, yanakuja taratibu afu ghafla yako magotini. Bibi akajitwika gunia la mwani mbichi, linachuruzika maji mgongoni mpaka kwenye visigino, tukaelekea njia ya mkato. Pana hoteli inajengwa pale, ukuta umeshapanda kimo cha mtu. Mlinzi akatuzuia.

"Bibi, hapa hapapitwi siku hizi, zungukeni."

"Njia hii nimepita tangu nabebwa mgongoni, mwanangu."

"Najua bibi. Nimeagizwa."

Nikainua macho, juu ya jukwaa yupo kaka, mwiko mkononi, anatuangalia. Hakusema kitu. Sisi tukazunguka, mbali kweli, bibi amepumzika mara mbili na gunia hataki nimpokee.

Usiku nikapika ugali na ule mlenda wa mama, bibi akaonja akaupenda, akaomba tena. Kaka alikuwa anamega tonge anaizungusha tu kwenye sahani. Bibi alipoenda kuswali isha ndo akaniambia polepole, "Ule upande wa njia nimeujenga mimi, dada. Jumanne ile. Sikuuliza njia ya nani."

Kesho yake nimeamka bado giza, kitanda cha kaka kitupu. Nikamkuta uani amefunga vijiti vya bibi kwa kamba, amejitwika, anamsubiri bibi mlangoni wapite ile njia ndefu kabla hajaenda kazini.