Soksi ya Shingo: Nilivyowafumia Bodaboda wa Njombe Skafu Isiyo na Ncha

Anayeendesha pikipiki hujitengenezea upepo wake mwenyewe. Hata asubuhi iliyotulia, akifikisha mwendo wa kilomita 50 kwa saa, upepo unampiga pale pale koti linapoishia na helmeti haijaanza. Njombe mjini tuko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na miezi ya Juni hadi Agosti baridi ya alfajiri hushuka chini ya nyuzi 10. Ukielekea Makete, umande unaganda juu ya nyasi. Bodaboda anayetoka gizani kuwawahisha abiria wa mabasi hana budi kuwa na kitu shingoni. Wengi hujifunga taulo, kipande cha khanga, au skafu ndefu ya mtumba iliyozungushwa mara mbili, ncha zikipepea mgongoni.

Ncha hizo ndizo zilizonifanya nianze kazi hii. Mama akipanda pikipiki na mtandio mrefu, kila mtu kijiweni atamwambia, "Mama, kusanya nguo isiingie kwenye tairi." Dereva haambiwi na mtu. Isadora Duncan, mcheza dansi wa Marekani aliyekuwa maarufu sana enzi zake, alifariki Nice, Ufaransa, tarehe 14 Septemba 1927, baada ya skafu yake ndefu ya hariri kunaswa kwenye gurudumu la gari la wazi alilopanda. Gari lile lilikuwa ndiyo kwanza linaondoka. Pikipiki ina tairi mbili zilizo wazi na mnyororo, na skafu ya dereva inapepea kuelekea huko huko. Mtoto wa dada yangu aliponijia na skafu ya namna hiyo akasema, "Mama mdogo, nifumie nyingine ndefu zaidi, hii inafunguka," nilimwambia nitamfumia, ila haitakuwa na ncha hata moja.

Kufuma nilikuwa najua. Mama mkubwa alinifundisha sweta za watoto wachanga kwa sindano, na vitambaa vya makochi kwa kroshia. Kwa hiyo swali la kwanza lilikuwa nitumie kipi.

Kroshia ina raha yake. Unabeba ndoana moja tu, na kwa kuwa kitanzi kinachofanya kazi ni kimoja, ukiiweka chini hakuna kinachofumuka. Kwa mtandio wa matundu wa kwenda nao kanisani siwezi kushika sindano, nashika kroshia. Lakini kwa shingo ya dereva mambo ni tofauti. Vitanzi virefu vya kroshia vinaacha matundu, na upepo unapita humo. Ukishona kwa vitanzi vifupi vilivyobana, kitambaa kinakuwa kinene na kigumu, kinakataa kukaa chini ya mkanda wa helmeti, tena kinakula uzi mwingi kuliko kufuma. Sindano zinatoa kitambaa laini kinachovutika, kinachoweza kupita kichwani kisha kikarudi kubana shingo. Hapo ndipo nilipoamua.

Tatizo likawa sindano zenyewe. Kitu cha duara kisicho na mshono kinahitaji ama sindano ya mviringo, ile yenye ncha mbili zilizounganishwa kwa waya laini wa plastiki, ama sindano tano fupi zilizochongoka pande zote mbili. Mama mkubwa alifumia soksi kwa spoku za baiskeli zilizonolewa. Spoku ina unene wa kama milimita 2, inafaa soksi lakini si uzi mnene. Mimi nilitaka milimita 4.5. Huku kwetu mianzi haiko mbali, ndiyo inayotupa ulanzi, ile pombe ya mwanzi. Nilitafuta mianzi iliyokomaa na kukauka kabisa, nikapasua vijiti, nikavichonga kwa kisu. Fundi seremala alinitobolea kibao kigumu kwa drili ya milimita 4.5, nikawa napitisha kila kijiti kwenye tundu lile hadi kipite bila kukwama wala kucheza. Msasa mlaini ukamalizia. Mwanzi mkavu ni mwepesi na hauteleshi vitanzi kama chuma, na hadi leo nazipenda sindano zile kuliko za dukani.

Uzi ndio sehemu ninayotaka kuikalia, kwa sababu ndiyo inayoamua kama kazi yako itavaliwa au itatupwa.

Uzi mwingi wa sweta unaouzwa madukani kwetu ni akriliki, yaani uzi wa plastiki. Una rangi nzuri, hauwashi ngozi, unafuliwa bila masharti. Lakini dereva anapumua ndani ya kitambaa kile safari nzima, na akriliki hainywi unyevu, kwa hiyo pumzi inageuka maji baridi juu ya ngozi. Sufu ya kondoo inaweza kunywa unyevu wa karibu theluthi moja ya uzito wake kabla hujahisi kwamba imelowa, na ikiwa na unyevu bado inatunza joto. Kuna jambo lingine. Vijana wa kijiweni alfajiri wanazunguka jiko la mkaa. Cheche ikiruka shingoni, akriliki inayeyuka na kuganda kwenye ngozi. Sufu haiyeyuki, na moto wake huwa unajifia.

Sufu mpya ni ghali na haipatikani kirahisi. Ila kwenye mitumba imejaa, watu wanaipita tu. Sweta zinazotoka nchi za baridi nyingi ni za sufu, na zile zilizotoboka kiwiko au zenye doa zinauzwa bei ya kutupa. Nikifika kwenye rundo naanza na lebo ya ndani: wool, au lana, au laine, au Wolle, zote ni sufu. Zikichanganywa na nailoni kidogo sizikatai, nailoni inaongeza nguvu. Lebo ikiwa imekatwa, navuta uzi mfupi kutoka kwenye mshono, naushika kwa kibano, nauwashia kiberiti. Sufu inanuka nywele zilizoungua, na majivu yake yanasagika vidoleni. Akriliki inawaka kwa nguvu na kuacha tone jeusi gumu. Pamba inanuka karatasi.

Halafu naigeuza ndani nje na kuangalia mishono ya ubavuni. Hili ni la lazima. Kama kila kipande kilifumwa kwa umbo lake, ukingo unaonyesha vitanzi vizima vilivyoshikizwa kwa uzi mmoja, na ukiukata uzi huo vipande vinaachana bila kudhurika. Kama kitambaa kilikatwa kwa mkasi na kupigwa ovaloki, iache hapo hapo. Ukiifumua utapata vipande vifupi vya uzi, kila mstari na kipande chake. Iache pia sweta iliyowahi kufuliwa kwa maji ya moto hadi ikasinyaa. Nyuzi zake zimeshikana moja kwa moja na hazifumuki tena.

La mwisho sokoni, naisugua sweta chini ya kidevu changu. Mkono unadanganya, ngozi ya shingo haidanganyi. Sufu ya kondoo wa merino ina nyuzi nyembamba na haichomi. Nyingine zinafaa soksi au kofia lakini shingoni hazivumiliki.

Nyumbani naachanisha mishono, kisha naanza kufumua kutoka juu, kwa sababu sweta nyingi hufumwa kuanzia chini na mwisho wa uzi uko shingoni au mabegani. Uzi unatoka umejikunja mawimbi mawimbi. Nauzungusha kwenye mgongo wa kiti, naufunga sehemu nne kwa uzi wa pamba usije ukajisokota, naulowesha kwenye maji ya vuguvugu yenye shampuu kidogo, naukamua taratibu na kuutundika kivulini, chini yake nikining'iniza chupa yenye maji kidogo. Ukikauka umenyooka, kama haujawahi kufumwa. Sweta za kiwandani zina uzi mwembamba, kwa hiyo nashika nyuzi tatu kwa pamoja. Hapo naweza pia kuchanganya rangi: nyuzi mbili za kijivu na moja nyekundu inatoa rangi ambayo hakuna duka linaiuza. Sweta ya mwanamume mwenye mwili inanipa soksi za shingo tatu, na ikiwa nzito nne.

Ndiyo, soksi ya shingo. Vijana wenyewe ndio walioipa jina hilo.

Vipimo vyake viko hivi. Kichwa cha mtu mzima kina mzunguko wa sentimita 56 hadi 58 na lazima kitambaa kipite hapo, wakati shingo ni 38 hivi. Kitambaa cha kawaida, kile chenye upande mmoja laini, hakiwezi kufanya kazi zote mbili, tena kingo zake zinajikunja kwa sababu vitanzi vyote vinavutana upande mmoja. Dawa ni mistari ya kuvutika kama ya kiunoni mwa sweta: vitanzi viwili vya mbele (upande laini ukitazama nje), viwili vya nyuma (upande laini ukitazama ndani), mzunguko mzima. Kwa uzi wangu na sindano zile, sentimita 10 zinabeba vitanzi 20 kitambaa kikivutwa kidogo. Naanza na vitanzi 96, ambavyo vinagawanyika kwa nne bila baki, 24 kwa kila sindano, na ya tano ndiyo inayofuma. Napata sentimita 48 zinazovutika hadi kupita kichwani bila kulazimisha. Kabla ya kuunganisha duara, hakikisha mstari wa kwanza wote umeelekea upande mmoja. Ukijipinda hapo hautarekebishika mbele. Urefu ni sentimita 30, kutoka shingoni chini hadi juu ya pua. Mzigo wote hauzidi gramu 100.

Anza vitanzi vyako kwa ulegevu na ufunge kwa ulegevu. Mimi kufunga nafungia sindano nene zaidi ya ile niliyofumia. Ukibana hapo, kitambaa chote kitavutika isipokuwa mdomo, na kichwa hakitapita.

Mtoto wa dada yangu alivaa ya kwanza siku kadhaa kisha akaja na maneno ya maana sana: "Mama mdogo, shingo imepona, lakini upepo unaingia kifuani, pale zipu inapoanzia." Nikaongeza ulimi. Sifungi vitanzi vyote. Naacha 40 vya upande wa kifuani na kuendelea navyo kwenda na kurudi, vyote vya mbele kila mstari, kwa sababu mfumo huo haujikunji na unalala tambarare. Sentimita 15 zinatosha kuingia chini ya koti. Mwenzake wa kijiwe kile kile akalalamika kwamba kifungo cha mkanda wa helmeti kinanasa uzi. Nikawa nafuma eneo la kidevu kwa sindano nyembamba kidogo, vitanzi vikashikamana, malalamiko yakaisha. Nasema kwa dhati, nimejifunza zaidi kwa hao vijana kuliko kwa mchoro wowote wa mfumo niliowahi kuufuata.

Sasa naiuza shilingi 10,000, na wengi wanalipa nusu kwanza. Wapo walioniambia ni ghali kuliko skafu ya mtumba. Ni kweli, na sishushi, kwa sababu jioni zangu ziko humo ndani, na kitu hiki kinamlinda mtu asinyongwe na nguo yake. Walimu wanaotembea kwa miguu na akina mama wa sokoni bado nawafumia skafu za kawaida, sentimita 180 kwa 20, ncha zake zote mbili. Wao hawana gurudumu nyuma yao.

Kwenye kufua namweleza kila mnunuzi kabla hajaondoka: maji ya vuguvugu au baridi, sabuni kidogo, usisugue, usikamue kwa kusokota. Ikunje ndani ya taulo, ikanyage, kisha uitandaze kivulini ikiwa imelala. Ukiitundika kwenye kamba itarefuka, na maji ya moto yataisinyaza isikuingie tena. Mwezi wa saba, ukungu ukikaa siku nzima, inaweza kuchukua siku mbili kukauka, kwa hiyo anayefanya kazi kila siku namshauri achukue mbili, moja nyeusi na moja ya rangi ya kung'aa kwa alfajiri, wenye magari wamwone.